Kilichotokea Mlangoni pa Chumba cha Mbegu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa jaladani kwa ombi la shahidi. Kazini anaitwa Mama Mishahara.
Umri: miaka 44
Kazi: afisa utumishi, kampuni ya chanjo iliyoanzishwa na chuo kikuu
Makazi: nyumba ya kupanga, mtaa wa nyuma ya stendi ya zamani
Uhusiano na majeruhi: shemeji yake (majeruhi ni mdogo wa mume wa shahidi)

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nina akili timamu, sijalazimishwa na mtu, na nimeonywa kwamba nikisema uongo naweza kushitakiwa. Sikuitwa hapa kituo cha polisi, nimekuja kwa miguu yangu. Nimekuja kwa sababu tangu tukio litokee wanaonijia wananitaka niseme nusu, na nusu zao hazifanani.

Kampuni ninayofanyia kazi inatengeneza chanjo ya kuku. Ilizaliwa ndani ya maabara ya chuo, baadaye ikapewa majengo yake ng'ambo ya barabara, ikapata na bodi yake, lakini mwenye nayo ni chuo. Tangu nianze kazi pale, sisi wa kampuni na wenzetu wa chuo tulikula chungu kimoja. Ngazi za mshahara zilikuwa za chuo, matibabu ya chuo, na mtoto wa mfanyakazi akipata nafasi ya kusoma chuoni alisamehewa ada.

Mwezi uliopita Baraza la Chuo lilipitisha kanuni mpya za malipo kwa kampuni zote zilizoanzishwa na chuo. Kwa lugha nyepesi, kanuni zinasema kwamba aliyeajiriwa na kampuni ni wa kampuni. Atalipwa kwa kadiri kampuni inavyoweza, na stahili za chuo hazimhusu tena. Lakini mhadhiri aliyeazimwa kutoka chuoni kuja kufanya kazi kwetu anabaki na mshahara wake wa chuo na stahili zake zote, halafu kampuni inamwongezea posho ya majukumu.

Nimeulizwa kama kanuni hizo ni halali. Najibu kwamba zilipitishwa na wenye mamlaka ya kuzipitisha. Nimeulizwa kama ni za haki. Najibu kwamba hilo sijapata kuulizwa na mtu yeyote kabla ya leo.

Shemeji yangu ni fundi wa majokofu wa kampuni hiyo. Wenzake wanamwita Barafu. Yeye ndiye anayetunza chumba cha mbegu. Mbegu ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na chanjo yote tunayotengeneza inatokana navyo. Vinakaa ndani ya friza moja kubwa, kwa baridi ya nyuzi sabini chini ya sifuri. Vikifa, kampuni nayo imekufa, na wafugaji hawana pa kwenda. Zamu ya chumba hicho shemeji yangu anapokezana na mhadhiri mmoja aliyeazimwa. Koti wanavaa la aina moja, ufunguo wanapeana mkononi, na king'ora kikilia wote wawili hukimbia. Kwa kanuni mpya mmoja wao amebaki mtu wa chuo, mwenzake amekuwa mtu wa ng'ambo ya barabara.

Binti wa kwanza wa shemeji yangu alikuwa ameanza mwaka wa kwanza chuoni hapo, akisomea tiba ya mifugo. Mimi ni mama yake mkubwa. Barua ya kuijulisha ofisi ya udahili kwamba watoto wa wafanyakazi wa kampuni hawasamehewi ada tena niliandika mimi na sahihi niliweka mimi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Barua iliambatana na majina, na jina la binti huyo lilikuwemo. Shemeji yangu alijua kwamba barua imekwenda. Alikuwa ameiomba ofisi ya udahili impe muda mpaka mwisho wa muhula, akaambiwa ombi lake linafikiriwa.

Mnamo tarehe 14 ya mwezi huu, siku ya Jumatano, majira ya saa mbili asubuhi, binti huyo alifika ofisini kwangu. Alikuwa na begi lake la vitabu na koti jeupe la maabara mkononi, limekunjwa vizuri.

Aliniamkia, nikamwitikia, nikamuuliza mbona hayuko darasani.

Akasema, "Nimetolewa, mama mkubwa. Mwalimu wa kipindi amesoma majina mbele ya darasa."

Nikamwambia akae. Hakukaa. Akaniuliza, "Ile sahihi ni yako, au wamekuigizia?"

Nikamjibu, "Ni yangu."

Akasema, "Basi sawa."

Hakulia. Aliomba maji, akanywa yote, akairudisha glasi kwenye sinia. Nikamwambia nitakwenda kwao jioni tukae na baba yake tuzungumze. Akasema, "Baba hajui kama nimetolewa. Leo ana wageni kazini. Usimwambie mpaka wageni waondoke." Kisha akaniaga kwa adabu, kama unavyomuaga mtu uliyekwenda kwake mara ya kwanza. Binti huyu nimemwogesha akiwa mchanga. Alivyoniaga vile, nilikaa muda mrefu bila kushika kazi.

Wageni aliowataja walikuwa ujumbe wa Baraza la Chuo, waliokuja kutueleza kanuni. Mkutano ulianza saa nne asubuhi katika ukumbi wa chakula wa kampuni. Ujumbe uliongozwa na mama mmoja mtu mzima, mstaafu wa benki, ambaye hapa nitamwita Mjumbe. Kulia kwake alikaa Mkurugenzi wa kampuni. Mkurugenzi ni mhadhiri wa chuo aliyeazimwa, ni daktari wa mifugo kwa taaluma, na anafundisha darasa la mwaka wa kwanza mara moja kwa wiki. Mimi nilikaa kiti cha pembeni karibu na mlango wa jikoni. Wafanyakazi walijaa, wengine walisimama.

Mjumbe alizungumza kwa upole. Alisema, "Kampuni ni kama mtoto. Chuo kimeizaa, kimeilea. Lakini mtoto akikua lazima aachishwe ziwa, la sivyo hatajifunza kula."

Shemeji yangu akanyoosha mkono, akaruhusiwa, akasimama. Alivua kofia kwanza. Alisema, "Mheshimiwa mama, tumekuelewa na tunashukuru. Swali langu ni dogo tu. Kwa kawaida anayetangulia kuachishwa ziwa ni mkubwa. Mbona hapa mdogo ameachishwa, na mkubwa bado ananyonya?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mpishi aligonga sufuria kwa mwiko. Mjumbe mwenyewe alifunika mdomo kwa kiganja, na mimi nilimwona mabega yakimtikisika. Watu waligeuka kumtazama Mkurugenzi, maana yeye ndiye mkubwa kuliko wote walioazimwa. Mkurugenzi hakucheka.

Alisimama bila kupewa nafasi. Alisema, na maneno haya nayakumbuka kama alivyoyatamka: "Mheshimiwa, naomba usiyachukulie kwa uzito. Huyu bwana ana lake. Binti yake ametolewa darasani asubuhi ya leo kwa sababu ya ada, sasa uchungu wa mzazi ndio unaosema. Na kama chuo kikuu kimekuwa kizito, si lazima kila mtoto awe daktari. Vyuo vya ushonaji vipo."

Kicheko kilikatika kama redio iliyozimwa.

Shemeji yangu hakumtazama Mkurugenzi. Alinigeukia mimi kule pembeni. Aliniuliza, "Ametolewa?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Ulijua?"

Nikasema, "Alikuja kwangu asubuhi. Alinikataza nisikuambie."

Akasema, "Haya." Akavaa kofia, akapita katikati ya watu kwa kuomba radhi, "Samahani, samahani dada, nipishe kidogo," akatoka. Niliinuka nimfuate. Mkurugenzi alinionyesha kwa mkono nikae. Nikakaa. Nimeulizwa kwa nini nilikaa. Sina jibu zaidi ya kwamba nimezoea kukaa nikiambiwa.

Haukupita muda, mkutano ukiwa bado haujatulia, king'ora cha chumba cha mbegu kikalia. Mhadhiri anayepokezana zamu na shemeji yangu aliruka kiti, tukamfuata mbio kwenye ujia. Chumba cha mbegu kipo mwisho wa ujia huo. Mlango wake ni wa bati zito, wa mabawa mawili, na kila bawa lina dirisha dogo la kioo kinene. Juu ya mlango kuna kipimo chenye tarakimu nyekundu kinachoonyesha baridi ya ndani ya friza. Siku zote kinasoma sabini chini ya sifuri. Tulipofika baridi ilikuwa imepungua hadi sitini na mbili, na iliendelea kupungua tukikitazama.

Nilichungulia kwenye kioo. Shemeji yangu alikuwa ndani peke yake. Alikuwa amepitisha nondo kwenye mishikio ya mabawa yote mawili kwa ndani, mlango hausukumiki wala hauvutiki. Swichi ya friza ilikuwa imezimwa, taa yake ya kijani haiwaki. Mlango wa friza ulikuwa wazi na ukungu mweupe ulikuwa unamwagika sakafuni.

Nimeulizwa mara mbili kama nina hakika kwamba friza ilizimwa na yeye na si hitilafu ya umeme. Nina hakika. Taa za chumba zilikuwa zinawaka, na yeye mwenyewe aliniambia ameizima. Nasema hivi nikijua nani anaumia nikisema.

Mhadhiri alipiga kelele, "Ikifika arobaini hatuna uhakika tena! Ikipita hapo tumekwisha!"

Mjumbe akauliza kama hakuna mbegu nyingine mahali pengine. Mhadhiri akamjibu kwamba akiba nayo imo humo humo, rafu ya chini, kwa kuwa friza ya pili waliyoiomba haijanunuliwa.

Mlinzi wa lango, ambaye tunamwita Komando, alifika na rungu lake. Yeye na vijana wawili wa stoo waliusukuma mlango kwa mabega. Nondo ililia lakini haikupinda. Shemeji yangu akasema kutoka ndani, bila kupandisha sauti, "Mkisukuma tena, nazimwaga sakafuni." Alikuwa ameshika kishikio chenye vichupa vya mbegu, mkono wake una glovu nene. Wote walirudi nyuma kutoka mlangoni. Mkurugenzi alipiga simu hapa kituoni. Tarakimu zilisoma hamsini na sita.

Nikasogea mlangoni. Mkurugenzi hakunituma wala Mjumbe hakunituma.

Nilisema, "Shemeji, ni mimi. Fungua."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Miguu ni yangu."

"Na barua ile ulitumwa?"

Nikasema, "Ile nilitumwa. Lakini mkono ulikuwa wangu."

Alikuja karibu na kioo, nikamwona uso. Nilitegemea kuona hasira. Alikuwa anatetemeka midomo kwa baridi, na macho yake yalikuwa mekundu.

Akasema, "Shemeji, unakumbuka mwaka ule umeme ulikuwa unakatika kila siku? Binti ana homa, mama yake amesafiri. Nilimwacha kwenu nikaja kulala hapa, navuta kamba ya jenereta, kwa sababu ya hii friza. Nimeilea hii kuliko nilivyomlea yeye. Leo wananiambia mtoto niliyemlea hapa si wangu, na niliyemzaa kule si wao. Nimeizima kwa mkono wangu. Basi mmoja afe. Nataka nione nani atalia."

Nikamwambia, "Utalia wewe."

"Nimeshalia."

"Utalia tena, shemeji. Nakujua. Juzi ulilia paka alipofia uvunguni mwa gari."

Alicheka kidogo, kicheko cha puani, kisha akajiuma mdomo. Vijana wa stoo nyuma yangu walikuwa hawapumui. Tarakimu zilisoma hamsini na moja.

Nikaendelea. Nilimwambia, "Mama mkwe ana kuku wangapi sasa?"

"Usimwingize mama."

"Sijamwingiza, yumo tayari. Humo mkononi mwako wamo kuku wa mama."

"Wa mama nimewachanja mimi mwenyewe."

"Wa mwaka huu. Wa mwakani utawachanja na nini, maji ya bomba?"

Alikitazama kile kishikio chenye vichupa. Akasema, "Wewe ni mjanja, ndiyo maana wamekupa kalamu."

Nikamwambia, "Nigombeze baadaye. Nitukane hata mbele ya kaka yako, sitajibu. Sasa niambie unataka nini. Kanuni siwezi kuifuta nikiwa hapa mlangoni, nisikudanganye. Sema kitu kinachoweza kufanyika hapa."

Alifikiri. Hamsini. Arobaini na tisa. Mhadhiri alikuwa ameshika kichwa, amechuchumaa ukutani.

Shemeji yangu akasema, "Kanuni sitaki. Namtaka yule bwana aje hapa kwenye kioo. Ayarudie maneno aliyoyasema kuhusu mwanangu. Kama ni maneno ya kusemwa, ayaseme akinitazama usoni."

Niligeuka. Mkurugenzi alikuwa nyuma ya Komando. Alisema hawezi kujadiliana na mhalifu. Mjumbe akamwambia, "Nenda." Mkurugenzi akasema, "Mheshimiwa, tukifungua mlango huu, kesho kila mwenye shida atajifungia." Mjumbe akarudia, "Nenda, mwanangu. Mimi nimeyasikia yale maneno. Nenda."

Mkurugenzi alisogea mpaka kwenye kioo. Walitazamana. Ni watu wa rika moja. Sote tulisubiri, na king'ora kilikuwa bado kinalia juu ya vichwa vyetu. Mwishowe alisema, "Binti yako ni mwanafunzi mzuri. Nimemfundisha wiki mbili, najua. Sikupaswa kumtaja."

Shemeji yangu akasema, "Sema tena, hiki king'ora kinanikosesha kusikia."

Mkurugenzi akasema kwa sauti ya juu zaidi, kila mtu akasikia, "Sikupaswa kumtaja. Nimekosa."

Nataka hili liandikwe pia, kwamba Mkurugenzi alisema hivyo, na kwamba mimi niliamini anasema kweli.

Shemeji yangu aliondoka kwenye kioo. Alirudisha kile kishikio ndani ya friza, mahali pake, kwa uangalifu, akaufunga mlango wa friza kwa goti kama anavyoufunga siku zote, akawasha swichi. Taa ya kijani iliwaka. Kipimo kilisoma arobaini na nne, kikasimama hapo tukidhani kimeganda, kisha kikasoma arobaini na tano. Mhadhiri alianza kulia kwa sauti, mtu mzima yule.

Sasa naeleza sehemu ambayo ndiyo iliyonileta.

Shemeji yangu aliitoa nondo kwenye mishikio. Kupitia kwenye kioo nilimwona akiiinamisha na kuilaza sakafuni, ukutani upande wake wa kushoto, ndani ya chumba. Nilisikia ikigusa saruji. Kisha akasukuma bawa moja la mlango kwa bega, akatoka akiwa amenyoosha mikono yote miwili juu, viganja wazi. Glovu alikuwa amezivua. Hakuwa na kitu mkononi. Mimi nilikuwa nimesimama umbali wa mkono mmoja kutoka kwake. Alinitazama, akasema, "Shemeji, nipeleke kwa mwanangu."

Mkurugenzi alisema, "Mshikeni." Nimeulizwa kama alisema "mpigeni". Hapana. Alisema "mshikeni", mara moja.

Komando alimpiga rungu upande wa kulia wa kichwa, juu ya sikio. Shemeji yangu alianguka magoti, mikono bado iko juu. Nilipiga kelele, "Amekwisha toka! Amekwisha toka!" Komando akampiga tena akiwa pale chini. Pigo la tatu halikumfikia kwa sababu Mjumbe alilidaka lile rungu kwa mikono miwili, mama wa umri ule, na wakavutana nalo. Komando alikuwa anatetemeka kuliko sisi wote. Alikuwa anasema, "Ana chuma, ana chuma," na macho yake hayakuwa yanatazama kitu. Nafikiri aliogopa. Lakini chuma hakikuwepo.

Damu ilitoka sikioni. Nilivua mtandio nikamfunga. Askari wenu walifika wakati huo, wakatusaidia kumbeba mpaka kwenye gari lao, na nilikwenda nao hospitali. Kabla ya kuondoka niligeuka nyuma, nikaiona nondo bado iko ndani ya chumba, pale alipoilaza. Nimeelezwa sasa hivi na afisa kwamba askari waliobaki kuchora ramani ya eneo waliikuta nje, katikati ya ujia. Sikuona nani aliitoa, na sitamtaja mtu kwa kukisia.

Mpaka leo, siku ya Ijumaa, shemeji yangu amelazwa. Anafungua macho, anamjua mke wake, lakini maneno hayamtoki sawasawa na sikio la kulia halisikii. Kuna askari mlangoni pa wodi. Mhadhiri alinipigia simu jana akasema kwamba mbegu wameipima na iko hai. Binti hajarudi darasani. Mjumbe alifika hospitali jana, akakaa na familia, akasema Baraza litakutana kukitazama upya kifungu cha ada. Hakuahidi zaidi ya hapo.

Nimeulizwa kama kuna mtu aliyejaribu kunielekeza cha kusema. Wapo wawili.

Jana mchana mwanasheria wa kampuni alinikuta kwenye ujia wa hospitali. Aliongea vizuri sana. Alisema, "Dada, pale wewe ulikuwa afisa wa kampuni, hukuwa shemeji wa mtu. Kwenye mtafaruku kama ule, nani anaweza kuapa mikono ilikuwa wapi? Andika tu kwamba hukuona vizuri. Mkataba wako unakaribia kufika mwisho, na sisi tunapenda uendelee."

Wa pili ni mume wangu. Tulikuwa jikoni, hajala tangu siku ile. Alisema, "Mke wangu, maneno mengine yote yaseme. Lile la swichi liache. Sema umeme ulikatika. Nani atajua?"

Nikamwambia, "Baba Fulani, waliokuwepo walikuwa wengi." Simtaji mwanetu hapa.

Akasema, "Wale watasema yao. Wewe ni mke wa kaka yake. Ukisema wewe aliizima, hakuna atakayemtetea. Damu nzito kuliko maji."

Nikamwambia, "Nikiongopa kwenye swichi, nani ataniamini kwenye mikono?"

Alichukua kiti chake akaenda kukaa uani, akanipa mgongo. Ndoa yetu ina miaka mingi na hajapata kunipa mgongo.

Leo asubuhi, kabla ya kuja hapa, nilipita wodini. Binti alikuwa anamlisha baba yake uji kwa kijiko cha chai. Nilimwita nje. Nilimwambia ninakwenda polisi. Aliniuliza, "Utasema alinyoosha mikono?" Nikasema ndiyo. "Utasema na lile lingine?" Nikasema ndiyo, na lile nitalisema, na linaweza kumfunga baba yako.

Alisimama pale ameshika bakuli. Nilisubiri anitukane. Alisema, "Uji unapoa, mama mkubwa," akarudi ndani. Sijui alimaanisha nini. Sikuwa na nguvu ya kumuuliza.

Gari la kampuni limeegeshwa nje ya kituo hiki tangu nimeanza kuandikwa maelezo, dereva amesema ametumwa kunisubiri. Mume wangu naye amekuja, yuko ng'ambo ya pili chini ya kivuli cha duka la simu. Nimewaona wote wawili kupitia dirisha hili.

Sina la kuongeza wala la kupunguza. Niliyoyaona ndiyo haya, na nimeyasema yote mawili.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi kwa mkono wake)

MAELEZO YA AFISA MWANDISHI

Nathibitisha kwamba nimeyaandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa, na kwamba nimemsomea yote kwa sauti. Shahidi aliomba marekebisho mawili. Kwanza, kila mahali nilipoandika "mtuhumiwa" nifute niandike "shemeji yangu". Pili, pale nilipoandika kwamba mlinzi alipiga "kwa ukatili", nifute, kwa kuwa yeye hakusema hivyo. Yote mawili yamefanyika na shahidi ameweka alama ya sahihi pembeni.

Shahidi alikaa kidogo baada ya kutia sahihi. Aliniuliza kama kituo kina mlango wa nyuma. Nilimjibu kwamba kituo kina mlango mmoja tu. Alinishukuru, akajifunga mtandio, akatoka kwa mlango huo saa kumi na dakika ishirini jioni.